Silinda Sita na Sikio la Mzee

Mzee mwenye gereji alikuwa na ulimi wa wembe, na aliyemkata zaidi ni binti yake. Miaka kumi na minne binti huyo alilala chini ya magari ya watu, akitoka na grisi mpaka kwenye nyusi, na alichopata kwa baba yake ni jina tu: Nati. "Kitu kidogo, hakina sura, lakini huwezi kukitupa," mzee aliwaeleza wateja mbele yake, nao wakacheka, maana magari yao yalikuwa bado juu ya jeki.

Basi mzee alipoanza kuchoka, badala ya kukaa chini na wanawe kama wazazi wengine, akawashindanisha. Palikuwa na gari la spoti, milango miwili, silinda sita, ambalo mteja mmoja aliliacha pale miaka mingi nyuma akatokomea. Mzee akampa kila mtoto pesa sawasawa, kidogo za kuudhi, na wiki mbili za kulishughulikia kwa zamu.

"Atakayelifanya liende vizuri zaidi, gereji yake," akasema. "Atakayeshindwa abebe spana zake aende zake. Sitaki washirika. Washirika hugombana."

Kaka yake Nati alikuwa amerudi nyumbani miezi mitatu tu, biashara ya simu ilipomshinda. Kufungua gurudumu alijua. Kulifunga lisichomoke, hapo tumwombee. Yeye ndiye aliyeanza. Akatoa sailensa, akafunga bomba pana la ekzosi lililomla nusu ya pesa, akaweka filta ya hewa ya wazi, na kwa zilizobaki akabandika mistari miwili myekundu ubavuni. Siku ya majaribio majirani walitoka nje kuangalia kilichopasuka. Kwenye barabara ya nyuma ya maghala, kutoka lango la kwanza hadi kituo cha mafuta, simu ya fundi rangi wa gereji ilihesabu sekunde thelathini na moja. Siku gari lilipokuwa halijaguswa lilitumia thelathini. Ile filta ya kifahari ilikuwa inavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini yenyewe, na kijana hakuwa na habari.

Lakini mzee hakutaka kusikia habari za simu. "Simu hudanganya," alisema. "Sikio halidanganyi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake maisha yote. Gari likiwa tayari, mzee huligeuzia mgongo, akaukabili ukuta ili macho yasimpotoshe, mafundi wote wakanyamaza hata kukohoa wasikohoe. Kisha husema plagi ya tatu imechoka, na ikifunguliwa inakutwa imechoka. Watu walitoka mbali kuja kuuona mgongo huo. Siku ya kijana alisimama vilevile. Injini iliponguruma mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka, mzee alitabasamu. "Hiyo ni injini," akasema.

Nati hakubabaika. Debe tupu haliachi kuvuma, alijiambia, akavua kila kitu cha kaka yake na kuanza upya. Yeye aliamini kwamba mwenye pesa kidogo asinunue nguvu mpya kabla hajaokota zile zilizopotea. Akanunua plagi sita. Akasafisha nozeli kwa mashine ya kuazima, akabadilisha mafuta ya injini, akairudisha sailensa ya zamani baada ya kuichomelea tundu lake. Mipira inayoishikilia injini ilikuwa imesagika, akaweka mingine. Kiti cha nyuma na spika mbovu za kwenye buti akazing'oa, kwa kuwa kupunguza uzito hakuuzwi dukani. Pesa zilizobaki zote zikaenda kwenye matairi manne na pedi za breki. Mafundi vijana walimcheka: mashindano ya mbio, mwenzetu ananunua breki! Akawaambia dereva anayejua gari lake litasimama ndiye anayekanyaga bila woga.

Sekunde ishirini na saba. Nati alikaa ndani ya gari pale kituo cha mafuta akalia kwa furaha, akijiona tayari anapaka rangi upya kibao cha gereji.

Siku ya hukumu walijaa: mafundi, wateja, kaka mtu katika shati lililopigwa pasi. Boneti ikafunguliwa. Mzee akachukua funguo za gereji mkononi, akaugeukia ukuta.

"Washa."

Nati akawasha. Injini ikaitika mara moja, ikatulia, silinda zote sita zikipokezana bila kusukumana. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake.

Mzee alisubiri. "Nimesema washa."

Watu wakatazamana.

"Imewaka, baba," Nati akasema.

"Wewe binti, unaogopa nini?" Mzee alikuwa akiuambia ukuta. "Mnaona? Miaka kumi na minne, hata kuwasha gari kunamshinda! Ndiyo maana hata mume hakukaa. Nilimwambia atafute kazi ya kufagia, akakataa. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mteja mmoja alianza kucheka, akakatiza. Injini ilikuwa inazunguka hatua tatu nyuma ya mzee.

Hapo Nati akaelewa. Akaelewa kwa nini mwaka mzima baba yake amekuwa akipiga kelele kwenye simu, na kwa nini kila anachoulizwa na wateja hujibu "ndiyo, ndiyo" na kuondoka. Fundi rangi, mtu mzima kuliko mafundi wote pale, alimwonyesha kwa mguu: kanyaga mafuta, mwanangu, asikie, umsitiri baba yako. Mguu wa Nati ulikuwa juu ya pedali. Ilikuwa kukanyaga mara moja tu.

Akautoa mguu, akashuka, akamwacha aendelee kutukana.

Mzee alipochoka kutukana aligeuka. Akaiona feni inazunguka. Akawaona watu wote wanatazama sakafu.

"Injini mbovu," akasema. "Ya kijana niliisikia. Hii haina kitu. Gereji ni ya kaka yako."

Kaka mtu, ambaye masikio yake yote mawili yalikuwa mazima, akanyoosha mkono kupokea funguo. Mafundi wakampisha apite. Watu wana watoto wa kulisha.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nati alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta jasho, akakiacha mdomoni, na kwa sauti iliyofika mpaka getini akauliza: "Baba, gereji ni yangu mimi, sivyo? Nichukue funguo?"

Mzee aliona nyuso zote zimemgeukia, zinasubiri jibu. Kilichotakiwa ni kusema sikusikia, mbele ya watu walewale, dakika mbili baada ya ile aibu.

"Ndiyo," akasema, akitikisa kichwa. "Ndiyo, ndivyo hivyo."

"Baba!" Kaka mtu alimrukia mbele, akimfokea usoni. "Umempa yeye! Umesikia alichokuuliza?"

Hilo mzee alilisoma vizuri midomoni mwake. Alimtazama mwanawe, akakitazama kile kitambaa, akajua alivyofanywa. Neno moja lingemrudishia kila kitu, nalo ndilo neno asiloweza kulitamka.

"Nimesikia," akasema. "Mimi husikia kila kitu. Nimesema nilichosema."

Nati akazichukua funguo kwenye vidole vya mzee. Kisha akashusha kitambaa, akamsogelea baba yake uso kwa uso, akazungumza polepole, akiufumbua mdomo vizuri ili lisimpotee hata neno moja.

"Baba. Kesho. Usije."