Mawe Yalikomea Njiani

Mongina alikuwa akichuma chai yake kule Sosiot mbingu zilipogeuka kijani, rangi ambayo hakuwahi kuiona juu. Jirani yake Chemutai, aliyekuwa akichuma ng'ambo ya njia, akampigia kelele.

"Mama Obure, kimbia!"

Walikimbilia banda la kupimia majani, vikapu vikiwa vichwani.

Ikanyesha mvua ya mawe. Ilipiga mabati kwa nguvu hata wakawa wanaona midomo ya wenzao ikicheza bila kusikia neno. Ilipokoma, hakuna ndege aliyelia. Walitoka nje wakikanyaga barafu. Shamba la Mongina, ambalo mkwewe alilinunua alipohamia huku kutoka Kisii, lilikuwa jeupe lote, na ndani ya weupe ule kulichomoza vijiti vitupu. Ukungu mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka ardhini. Mongina hakulia. Alisimama tu, akitazama kama mtu aliyeingia kanisa asilolijua.

Kisha wakaona jambo lililowafanya washikane mikono. Mawe yalikuwa yamekomea njiani. Upande wa Chemutai chai iling'aa, hakuna jani lililotoboka.

"Mungu wangu," Chemutai alinong'ona. "Mbona si mimi?"

Wiki iliyofuata alifika afisa wa kilimo, dada mmoja aitwaye Nelvine, kuandikisha waliopoteza mazao ili serikali iwasaidie. Alisimama katikati ya njia kwa muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huku.

"Haya mambo nimeyasoma chuoni," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kuyaona ni kitu kingine."

Alipoondoka, mzee Masese, ambaye shamba lake pia lilikuwa limeharibika, alicheka kwa uchungu. "Hizo pesa tutapewa mbinguni."

Miezi ikapita bila habari. Mongina alibaki na maziwa ya ng'ombe mmoja. Asubuhi moja Chemutai alimshika mkono, akamvusha njia.

"Kutoka hapa mpaka kwa ule mti, chuma wewe. Peleka bandani kwa namba yako, pesa ziwe zako."

"Na mume wako, Baba Kimutai, atasema nini?"

"Ni yeye amesema. Anasema mawe yangesonga kidogo tu, ni sisi tungekuwa tunabisha hodi kwako."

Mongina alikaa chini kwenye nyasi zenye umande. Kisha akainuka, akaanza kuchuma.

Tangu siku hiyo akawa na kitu cha kupeleka bandani. Alasiri moja, watu wakiwa wamepanga foleni kwenye mizani na wale wasio na chai wakipiga gumzo kando, simu ya Masese ililia. Ikalia nyingine, na nyingine tena, mpaka banda zima likawa kama kichaka chenye nyenje. Watu walitoa simu mifukoni, wakasoma. Hata karani aliacha kupima.

Masese alivua kofia akaishika kifuani. "Serikali imetukumbuka," alisema.

Mongina alisoma majina yake kwenye kioo cha simu, yote mawili, Mongina Nyaberi, bila herufi iliyokosewa. Zaidi ya pesa zenyewe, hilo ndilo lililomgusa: kwamba katika ofisi ambayo hakuwahi kuingia, mtu ambaye hakumjua alikuwa ameshughulika na shamba lake.

Simu ya Chemutai ilikuwa kimya, kama ilivyostahili. Ila ni yeye aliyepiga vigelegele kwanza, na banda lote likaitikia.

Mongina alinunua mbolea, akalipa vibarua wakate vijiti vilivyovunjika. Chai ilichipua polepole, kisha kwa wingi, rangi changa iliyofanya wapita njia wasimame. Majani yalipofikia kuchumwa alimwendea Chemutai.

"Mama Kimutai, chukua mistari yako sasa. Yangu iko tayari."

"Hiyo yangu itangoja," Chemutai alijibu, akijifunga kikapu mgongoni. "Leo tunaanza kwako."

Wakaingia shambani pamoja, mmoja upande huu wa mstari, mwingine upande ule. Majani yalikuwa laini mno, yalikatika yakiguswa tu.