Kiti cha Kibii

Wenye pesa wana wazimu wao. Gari lao jipya likikwaruzwa mlango wanalia kama waliofiwa, lakini mwoneshe mmoja wao gari la michezo la zamani, limebonyea hadi limesahau umbo lake, na atalinunua kwa bei ya nyumba ya Milimani, mradi tu liwe halijaguswa. Naliaka aliishi kwa wazimu huo. Kazi yake ilikuwa kuthamini mikweche kabla ya mnada, na madalali wote wa Nakuru waliijua amri yake ya kwanza: kutu isiguswe. Kutu ndiyo shahidi kwamba hakuna aliyebadilisha kitu. Amri ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Kabla hajataja bei, aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha dereva na kufumba macho.

Owuor, dalali mwenye yadi nyuma ya mtaa wa Rhonda, alipompigia simu kuhusu Datsun nyekundu ya milango miwili iliyotolewa ghalani huko Njoro, Naliaka aliijua kabla Owuor hajamaliza kusema. Siku lilipoanguka, ndani ya gari hilo alikuwemo baba yake.

Angeweza kukataa kazi. Lakini mtu aliyelala na swali miaka thelathini hawezi kusikia jibu liko Rhonda akabaki nyumbani. Baba yake, Sitati, alikuwa fundi wa kijana wa kitajiri aitwaye Kibii. Walikuwa wakiijaribu Datsun kwa ajili ya mashindano ilipobingirika kwenye kona ya barabara ya Olkaria. Wote wawili walirushwa nje. Kibii alikufa papo hapo. Sitati alivunjika nyonga, akasema Kibii ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na watu wakamwamini. Naliaka alimwamini pia, hata akampa kifungua mimba wake jina la mzee. Ila hakusahau jinsi baba yake, hadi anakufa, alivyokuwa akiweweseka usingizini, mguu wa kulia ukikanyaga godoro.

Asubuhi alipofika yadini, upepo ulikuwa ukileta vumbi jeupe kutoka ziwani. Mlango wa Datsun ulilia. Naliaka akaingia, akaketi, akanyoosha miguu.

Kiti kilimkaa sawasawa.

Alikuwa na miguu mirefu ya baba yake. Kila gari alilopanda ilibidi asukume kiti nyuma hadi mwisho. Hiki kilikuwa mwisho tayari, na reli zake zilikuwa zimeumana na kutu ya miaka yote ile. Kibii, katika picha zote, alimfikia Sitati begani. Kwenye kiti hiki mguu wake usingegusa klachi.

"Baba, ulituambia nini?" alinong'ona. Aliogopa, maana alijihisi kama amekalia mapaja ya mtu.

"Madam!" Owuor aliita. "Mama mwenye gari amefika. Anataka muongee."

Cheptanui, mama yake Kibii, alikuwa bibi mfupi mwenye kitambaa cha kanisani kichwani. Alisimama mbali kidogo na gari, kama mtu aliyeambiwa mbwa yuko.

"Mimi sijakuja kuuliza bei," alisema. "Hiyo ongea na vijana wangu. Nasikia wewe ukikaa ndani ya gari unajua vile ilianguka."

"Wakati mwingine, mama."

"Kwetu mtoto akizaliwa tunaita majina ya wale walienda, moja moja, mpaka apige chafya. Lile anapiga chafya nalo, huyo ndiye amerudi. Mzee wangu alikataa Kibii aitwe. Alisema mtu amejiua na kiburi yake haitwi. Sasa mzee mwenyewe amelala kaburini, na mjukuu wangu Jerotich atajifungua wiki hii." Alikaza kitambaa. "Yule fundi, Sitati, alikuja matanga akalia kutushinda. Nikajiuliza. Niambie tu, ni Kibii alikuwa anaendesha?"

Naliaka alimwona akilini mwanawe, Sitati mdogo, anayejivunia jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nipe dakika, mama. Sijamaliza."

Bibi alipokwenda kuketi kibandani kwa Owuor, Naliaka alitoa mafuta mkobani, akazinyunyizia reli, akavuta kishikio na kusukuma kwa nguvu zake zote. Kiti kilipiga kelele, kikasogea mbele. Mkono uliowakemea mafundi wa mji mzima ukajaa unga mwekundu wa kutu. Akaufuta kwenye sketi, akamwita bibi.

Cheptanui aliomba akae mwenyewe. Alipoketi, viatu vyake vidogo vilifika hadi kwenye pedali bila shida yoyote.

"Tulikuwa urefu mmoja na yeye," alisema. Alipapasa usukani taratibu, kama anayembembeleza mtoto mgongoni. "Basi mzee hakukosea. Sitamwita."

Naliaka alikuwa amedhani atapumua. Badala yake alimwona Kibii akifungiwa mlango mara ya pili, na safari hii anayeufunga ni yeye.

"Mama, shuka," alisema. "Hicho kiti nimekisogeza mimi, saa hii. Hakikuwa hapo."

"Kilikuwa wapi?"

Naliaka alimsaidia bibi kushuka, akaingia, akavuta kishikio na kujisukuma nyuma hadi kiti kikagonga mwisho wa reli. Miguu yake mirefu ikatulia juu ya pedali, ule wa kulia kwenye breki.

Cheptanui aliitazama ile miguu. Kisha akapandisha macho polepole hadi usoni. Aliinama dirishani, akaita kwa sauti ya chini, ile ya kuitia majina mbele ya mtoto mchanga:

"Sitati?"

"Naam," Naliaka akaitika, kabla hajajua kwamba amefungua mdomo.