Mate ya Susu Nthenya

Karin hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alianza kunywa mezani, akaendelea mlangoni, na kikombe tulikuja kukiokota juu ya tangi la maji au dirishani kwa watoto. Alifika kwetu Zombe kutoka Uswidi mwaka wa 1978, amejitolea kunisaidia darasani. Mimi, Mwalimu Muthoki, ndiye niliyeongoza darasa la watoto walemavu ambalo kanisa lilikuwa limefungua, pamoja na bweni lao, nyuma ya shule ya msingi. Bidii alikuwa nayo, sitamnyima hilo. Aliwaogesha watoto, akawanyoosha viungo, akawashikilia penseli vidoleni. Lakini ukimtazama kwa nusu saa, unayechoka ni wewe.

Wageni wa kujitolea nilikuwa nimewazoea. Walipita wengine kabla yake, wote watu wazuri, na wote waliondoka. Mtoto anamzoea mgeni, analala akilitaja jina lake, halafu asubuhi moja mgeni anapiga picha za kwaheri na gari linaacha vumbi. Anayebaki kufuta machozi ya watoto ni mimi. Kwa hiyo Karin alipokuja sikufanya haraka kumpenda. Alikuwa na tikiti ya ndege ya mwisho wa mwezi wa tisa, na tarehe ile niliishika kichwani kuliko alivyoishika yeye.

Mwezi wa nane tukapata bahati. Daktari wa mifupa aliyekuja mara moja tu kwa mwaka katika hospitali ya misheni alikubali kumfanyia Syombua operesheni. Syombua alikuwa msichana wa miaka tisa, mcheshi, mwenye kujua kuiga sauti ya kila mwalimu pale shuleni. Polio ilimshika angali mchanga, magoti yakajikunja, akawa anatambaa. Daktari alisema magoti yakinyooshwa atavaa vyuma na kusimama kwa mikongojo. Gari la hospitali lingempitia Ijumaa asubuhi. Likimwacha, angengoja mwaka mzima, na daktari alikuwa ameshatuonya kwamba mwaka ujao mifupa itakuwa imekomaa vibaya.

Mama yake Syombua alikuwa amefariki. Aliyemlea ni nyanya yake, Susu Nthenya, maana sisi Wakamba nyanya tunamwita susu. Nyumbani kwake kulikuwa mwendo wa saa nne hivi kwa miguu, kwenye njia ya kuelekea Nuu. Alhamisi asubuhi alikuja na punda wake kumuaga mjukuu.

Siku hiyo Karin alikuwa hashikiki. Alifunga mkoba wa Syombua, akaufungua, akaufunga tena. Alimwogesha, akamvalisha gauni jeupe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja nikimtuliza mtoto mwingine, na kutoka pale nilimwona Susu akipiga magoti mbele ya mjukuu wake. Alimfungua kifungo cha juu, akamnong'onezea maneno ya kwenda na kurudi, kisha akamtemea mate kifuani.

Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyombariki anayesafiri. Mate yanatoka ndani ya mzee, anakugawia uende nayo. Mchungaji wetu hataki kuyasikia hayo, na mimi mwenyewe nimeokoka. Lakini nilipokuwa nikienda chuo cha ualimu susu yangu alinitemea, na ile blauzi sikuifua mpaka muhula ukaisha.

Karin akatoa kitambaa mfukoni, akampangusa mtoto. Alimpangusa vizuri kabisa, kifua na shingo, kama alivyowapangusa kila siku watoto wanaotokwa na udenda, huku akitabasamu. Nilikimbia, lakini nilipofika kitambaa kilikuwa kimesharudi mfukoni.

Susu Nthenya aliinuka. Alimbeba mjukuu, akamweka juu ya punda, akashika njia. Nilimfuata hadi sokoni nikimbembeleza, nikamtajia daktari, nikamtajia ule mwaka mzima wa kungoja. Alinijibu mara moja tu, bila kusimama, kwamba hampeleki mtoto wake kwenye kisu akiwa mtupu.

Nilirudi nikiwa nimewaka. Nilimweleza Karin alichokifanya na sikumpimia maneno. Alibadilika rangi, akaketi, akasimama, akauliza njia ni ipi. Sikuwa nimemaliza kumwambia kwamba ni mbali alipokuwa ameshavaa kofia na kuchukua chupa yake ya maji. Ilinibidi nimfuate, maana Kikamba hakujua, na jua la mwezi wa nane halijui mgeni.

Tulitembea. Yeye alikwenda mbio, akanipita, akarudi kunihimiza, akanipita tena, hata nikamwambia akome, ananitia kizunguzungu. Maji yake aliyamaliza kabla ya nusu ya njia. Mimi nilikunywa kwenye boma moja la njiani, yeye akakataa, kwa sababu alipofika Zombe mara ya kwanza maji ya kisimani yalimlaza kitandani, na tangu hapo hakunywa ila yaliyochemshwa. Tulipofika kwa Susu jua lilikuwa limeanza kulegea na midomo ya Karin ilikuwa imepasuka.

Susu alitupokea vizuri, maana mgeni ni mgeni hata kama amekuudhi. Alitupa vigoda, akatuletea maji katika kata mbili, yale ya kuchimbwa kwenye mchanga wa mto, yana weupe kidogo. Nilikunywa yangu. Karin alishukuru, akaiweka kata yake chini karibu na mguu, akabaki wima. Syombua alikuwa mkekani akichambua pojo, macho yamemvimba kwa kulia.

Karin aliomba msamaha nami nikatafsiri. Aliongea mengi, akizungukazunguka pale uani kuku wakimkimbia, na mwisho akamwomba Susu ambariki mtoto tena, yeye hatamgusa.

"Nilichokuwa nacho nilimpa," Susu akasema. "Hakitolewi mara mbili. Yeye aliyekiondoa ndiye akirudishe."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamwambia Susu kwamba huyu ni msichana tu, hajazaa, si mzee, na hata si wa kwetu. Akanijibu kwamba kama ameweza kuondoa, ataweza kurudisha, na niache kupoteza wakati nimwambie. Nikamwambia.

Karin alipiga magoti mbele ya Syombua. Alifungua kile kifungo cha juu, akasogeza uso, akajaribu. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akasikika akikwangua koo, na mdomo ulikuwa mkavu kabisa. Syombua akashindwa kujizuia, akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona Ijumaa ikitupita hivihivi.

Karin aligeuka akaitazama kata. Nilijua anachowaza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimmwagia ndoo za matapishi siku alizougua. Aliichukua, akasimama nayo.

"Mwambie aketi," Susu akasema. "Kwangu maji hayanywewi wima."

Basi akaketi kwenye kigoda, akanywa yote, polepole, mpaka mchanga wa chini. Kisha alimrudia mtoto, akamtemea kifuani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Enda. Rudi." Nilipoona mkono wake ukielekea mfukoni kwenye kitambaa, nilimkazia macho. Naye aliuona. Aliutoa ule mkono mtupu, akaukalia.

Susu akatikisa kichwa kukubali, akamvuta Syombua karibu, akamfunga kifungo. Halafu akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Mwambie aliyetema ndiye anayepokea. Mimi ningekaa nimngoje mtoto arudi. Sasa atakayemngoja ni yeye. Mtoto asipomkuta, mate yale ni maji tu."

Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwambia mgeni yeyote neno kama hilo. Ningewezaje? Mtu amekuja kwa hiari yake, nauli yake, utamwambiaje asiondoke? Nilitafsiri polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Syombua angekaa hospitalini, miguu imefungwa plasta, hadi mwezi wa kumi na moja. Karin alijua hivyo, na alijua tarehe ya tikiti yake. Tulilala pale, na nilimsikia akijigeuzageuza mkekani mpaka jogoo wakawika.

Alfajiri tulimrudisha Syombua juu ya punda, Susu akiwa mbele. Gari tulilikuta langoni, dereva amenuna, anatuambia alikuwa amebakisha kidogo tu aondoke. Syombua alilazwa kiti cha nyuma. Hakulia. Alitoa kichwa dirishani akamtazama Karin, akamwambia kwa sauti ileile ya kuvunjikavunjika, ameiiga vilivyo, "Enda. Rudi." Dereva akatia gia.

Nilimpeleka Karin jikoni nikampa chai, nikaona ni heri nimwondolee mzigo. Nilimwambia kwamba Susu Nthenya ni mtu wa zamani, hana habari za ndege wala tikiti, na hakuna atakayemlaumu. Nilisema hayo huku nikiomba moyoni asinisikilize.

Alitoka na kikombe chake. Nikafikiri ndiyo hivyo tena, nitakwenda kukiokota kwenye tangi. Nilipochungulia, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darasa, ameelekea barabarani, miguu imetulia. Alikunywa hadi tone la mwisho, kisha akanyoosha mkono na kikombe kitupu kuja kwangu, macho yangali barabarani.

"Niongeze, Muthoki," akasema. "Mpaka mwezi wa kumi na moja ni mbali."

Nilikichukua nikarudi jikoni haraka, ili asinione nikilia.