Gemu ya Pili Iko Stesheni

Bi Kishimoto, mkata tiketi wa stesheni yetu, aliishika gemu yangu ya mkononi kwa vidole viwili.

"Mitsue, umri wote huu bado unacheza gemu? Tena mbili! Moja haikutoshi?"

"Moja ya nyumbani, moja ya hapa. Irudishe dirishani."

"Watu watakucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Sina aibu. Gemu hizi zikikaribiana, zenyewe hupeana salamu zilizoandikwa na wenye nazo, na taa ya kijani huwaka. Mimi na binti yangu Sanae tulinunua zetu siku moja, akiwa bado shuleni, na yake haimtoki mkobani. Miaka mitatu iliyopita nilimwambia kama hataki kuolewa na mtoto wa daktari wa meno, basi asirudi. Hakurudi, na simu zangu hapokei. Kisha mwezi wa tatu mwaka huu, nikiwa stesheni kupokea mzigo, taa yangu ikawaka: salamu ya Sanae! Nilipogeuka, treni ya Hiroshima ilikuwa inaondoka. Mwanangu alifika mpaka hapa, akarudi. Wiki ile ile nikanunua gemu ya pili, nikaiacha kwenye dirisha la tiketi imngoje.

Hiyo ya dirishani niliiandikia: "Nyumbani unakujua." Mwezi wa tano ikawaka. Kishimoto alimwona Sanae akishuka, akisoma, kisha akipanda treni iliyofuata.

"Ule ulikuwa mwaliko au barua ya korti?" akaniuliza.

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Nilitaka kumweleza Sanae kwamba siku ile nilipomfukuza baba yake alikuwa ndio kwanza amefariki, kwamba niliogopa naye atazeeka peke yake kama mimi. Hayakuingia, salamu ya gemu ni maneno machache tu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Yaliyoingia ni haya: "Nilikosa. Njoo tule."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nikawa nachemsha figili na mayai, chakula akipendacho. Jumamosi ya kwanza nilikula peke yangu. Ya pili na ya tatu pia. Sikuacha. Ya nne, sufuria ikiwa motoni, gemu ya nyumbani iliwaka kijani juu ya meza ya jikoni. Hakuna aliyebisha hodi.

Sikuvaa hata ndara. Nilifungua mlango kabla hajapata nafasi ya kugeuka.