Historia Fupi ya Marehemu Makandi

Huku kwetu hakuna jeneza linaloteremka kaburini kabla historia ya marehemu kusomwa. Sasa niambie: mtu aliyeandika maisha ya watu wengi, akose la kusema juu ya mke wake?

Shemeji yangu Gachoki alikuwa mkuu wa shule ya bweni kule Embu. Jioni, wanafunzi wakiwa kwenye masomo ya prepu, aliandika vitabu vya maisha ya wakubwa: askofu, chifu, mkulima maarufu. Aliweza kufunga safari mpaka Ruiri, mbali huko, kumuuliza mzee jina la fahali wa babu yake! Dada yangu Makandi, mkewe, ndiye aliyewapikia chai wakubwa hao wote walipokuja nyumbani kuhojiwa. Siku moja alimtania mbele yangu, "Mwalimu, na mimi utaniandika lini?"

Gachoki hata hakuinua kichwa. "Wewe si uko hapa tu?"

Haya. Makandi akafa. Kwenye kamati ya mazishi Mwalimu akanivuta kando, karatasi mkononi.

"Shemeji, pole kwa kukusumbua. Mama yenu aliitwa nani?"

Hasira ilinipanda. "Binti yako wa pili anaitwa nani?"

"Karimi."

"Na kwa mila yetu binti wa pili hupewa jina la nani?"

Alifumba macho. "La mamake mama," akasema polepole. "Ngai, Mungu wangu! Nimeliita jina hilo miaka yote hii."

Siku ya mazishi alisimama kando ya kaburi akasoma. Makandi alizaliwa kijijini Muthara, binti wa Karimi. Akaolewa. Akazaa. Basi, karatasi ikaisha. Askofu alipata kitabu kizima.

"Anayemjua mke wangu," akasema, sauti ikimkatika, "naomba anisaidie."

Kina mama wa kanisa wakainuka mmoja mmoja. Makandi aliogopa radi. Makandi alificha chapati kwa ajili ya watoto waliokosa kutembelewa siku ya wazazi. Makandi alitaka kuwa nesi.

"Nesi?" Mwalimu aliuliza. "Aliacha kwa nini?"

Nikamjibu mimi. "Ulipata uhamisho, shemeji. Akakufuata."

Akatoa kalamu, akageuza ile karatasi, akaanza kuandika, vile alivyokuwa akiwaandika wale wazee. "Endeleeni," akasema, "endeleeni tafadhali." Alikuwa akilia waziwazi. Hasira yangu yote iliniishia hapo, nikalia naye.

Pasta alitazama wingu la mvua, akaanzisha wimbo. Vijana wakashika kamba za jeneza.

"Ngojeni kidogo," Mwalimu akawaambia, bado anaandika. "Sijamaliza."

Lakini walikuwa wameshaanza kumteremsha.