Kiapo cha Shangazi Zamda

Shangazi Zamda hakuwa na ubaya wowote, ila hakuweza kumsikia Hafsa akiimba akabaki kwenye kiti. Huko Misima na harusi zote za Handeni, Hafsa akifungua kinywa tu, shangazi mtu alishasimama, kajifunga kibwebwe, noti mkononi, anakwenda kumtunza huku akipiga vigelegele. Na mwimbaji akitunzwa hukatiza ubeti amtaje mtunzaji kwa jina. Asipomtaja, hana adabu. Ndivyo watu walivyolelewa, na hakuna aliyewaambia kwamba studio ina mila nyingine.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani Korogwe, nyuma ya duka la kanda la Mdoe, kuta zimebandikwa trei za mayai. Ilikuwa enzi za ruksa, redio za Kijapani zimejaa madukani, na Hafsa, baada ya miaka ya kuimba nyimbo za wenzake, alikuwa amepata kinanda cha umeme chenye ngoma zake tumboni. Sasa alitaka kanda yake ya kwanza, nyimbo zake mwenyewe. Kinanda na sauti viliingia kwenye kanda kwa pamoja. Ukikosea, unaanza upya. Na kanda ilitakiwa iondoke na basi la jioni kwenda kwa msambazaji Tanga, mtu asiye na subira hata chembe.

Wimbo wa kwanza, ubeti wa kwanza, kigelegele.

Mdoe alizima mashine. "Mama, shikamoo. Hapa hatutunzi."

"Marahaba, baba. Sasa mtoto aimbe bure?"

Wakaanza upya. Safari hii Shangazi alijikaza mpaka kwenye kiitikio, kisha akainuka akambandika Hafsa noti kwenye paji la uso. Mazoea yana taabu: Hafsa naye akaitikia kwa sauti kuu, "Ahsante Shangazi Zamda wa Misima!" Mdoe akashika kichwa.

Walipoharibu tena, Hafsa alifoka. "Shangazi, unaniharibia kazi! Wewe hata nikikohoa unanitunza!"

Shangazi akarudi kwenye kiti, akajitanda kanga mpaka kidevuni. "Wallahi leo sinyanyuki tena. Nikinyanyuka, nifunge siku tatu."

Basi kazi ikanyooka. Hafsa aliimba kwa sauti nyembamba aliyoiga redioni, ngoma za kinanda zikikimbia, Mdoe akitabasamu peke yake. Walipomaliza upande mmoja wakausikiliza. Ulikuwa safi, hauna kosa hata moja, na Hafsa akaona aibu. Aliyekuwa akiimba mle alikuwa kama mtu aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani. Akamtazama Shangazi: mikono mapajani, uso mkavu. Hapo ndipo lilipomwingia kwamba maisha yake yote hajawahi kumsimamisha mwanamke huyu kwa wimbo. Alikuwa akisimama kwa mapenzi tu. Lilimuuma. Akataka amsimamishe kweli, leo hii, na kiapo chake shingoni.

"Futa," alimwambia Mdoe.

"Na basi la Tanga?"

"Futa, kaka."

Akapunguza mwendo wa ngoma, akapunguza tena, hadi ukalingana na mwendo wa wanawake wanaotoka lamboni na ndoo kichwani. Ile sauti ya redioni akaiacha. Akaimba kwa sauti yake ya kifuani wimbo aliouficha siku zote kwa kuuona wa kishamba: mtoto aliyefiwa na mama, na shangazi aliyempa maji ya kuoga wakati wa kiangazi, yeye mwenyewe akinawa uso tu.

Shangazi aliuma pindo la kanga. Ubeti uliofuata akakishika kiti kwa mikono yote miwili. Mdoe aliacha kutazama saa. Kisha kiti kikaanguka chini kwa kishindo.

"Nitafunga!" Shangazi alipiga kelele, machozi yanamtiririka. "Nitafunga, na nyongeza nitaweka!"

Noti zilikuwa zimemwishia. Akavua kanga ya juu akamtanda nayo mwanawe mabegani. Hafsa alimtaja kwa jina, sauti ikamkatika, akashindwa kuurudia ubeti, kinanda kikabaki kinapiga peke yake. Mdoe alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kuzimia, na hakukibonyeza.