Shati la Kufia

Fundi cherehani alishona mashati manne ya kijani yanayofanana, yote ya mtu mmoja kufia. Ndivyo alivyoagizwa na mdogo wake, kijana mwenye maneno mengi kuliko vifaa, aliyekuwa akitengeneza filamu ya kisasi: askari anarudi kutoka vitani, anamsaka ofisa aliyemtelekeza rafiki yake, anamwua. Kila shati lilikuwa na mfuko wa nailoni kifuani, ndani yake maji mazito ya sukari yaliyotiwa rangi nyekundu. Bunduki ikilia, uzi unavutwa, mfuko unapasuka. Picha ikiharibika, shati jingine.

Askari mwenyewe aliigizwa na mume wa Fundi, maana huyo hakuhitaji kufundishwa kushika bunduki. Alikuwa amerudi kutoka vitani na viungo vyake vyote, na majirani wakasema Mungu ashukuriwe. Fundi alishukuru, lakini aliyerudi ni mwili tu. Alilala sakafuni karibu na mlango, na ukimsemesha alikutazama kama mtu uliyemkosea jina. Fundi aliikubali filamu kwa sababu moja: alimtaka mumewe arudi, hata kama ni kwa njia ya mchezo.

Na kwa siku chache alirudi kweli. Alimtania kinyozi wa mtaani, aliyeigiza rafiki, kwamba kwa tumbo lile adui angewaona kabla hawajatoka nyumbani. Jioni aliomba chai ya pili. Fundi akajikuta anaimba huku akikanyaga cherehani.

Ikafika siku ya rafiki kufa. Kinyozi alianguka, akafia mapajani mwa askari, vizuri kabisa, kisha lori likapiga honi nje ya ua.

"Kata!" akafoka mdogo wake Fundi, kamera ikazimwa.

Kinyozi akainuka, akajipangusa kifua, akauliza nani kachukua ndala zake. Fundi akauona uso wa mumewe. Furaha ile mara ya mwisho aliiona siku ya harusi yao, na moyo wake ukaruka.

Mara ya pili mumewe alisahau maneno. Mara ya tatu alicheka. Ya nne aliitazama kamera, mashati yakaisha, shemeji yake akashika kichwa. Fundi anaijua mishono iliyokosewa na mishono ya makusudi, na hii ilikuwa ya makusudi.

"Wangu hakuinuka," mumewe alimwambia njiani kurudi nyumbani, akilitaja jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Nilimshika mpaka akapoa. Huyu anainuka, mke wangu. Umeona anavyoinuka?"

Yule ofisa wa filamu, mumewe alimwua ovyo ovyo, kama anayefukuza nzi, akauliza kama anaweza kwenda. Kisasi kilikuwa haja ya wengine.

Filamu ilipokwisha akaanza kwenda kwa kinyozi kumwomba afe tena. Kinyozi ana huruma. Alijilaza juu ya nywele za wateja, akainuka, na kesho yake akarudia. Siku iliyofuata mteja alitimka amenyolewa upande mmoja. Kinyozi akamshika rafiki yake mkono, akamrudisha nyumbani.

"Shemeji," alimwambia Fundi, "mimi si mtu mbaya. Lakini nimechoka kufa."

Mumewe akaomba shati moja tu, la mwisho. Fundi alijua la kuvunda halina ubani. Hata hivyo alishona, kwa sababu alimpenda na hakuwa na dawa nyingine ya kumpa. Akajaza mfuko, akaliacha shati juu ya kiti, akaenda kumbembeleza kinyozi. Kinyozi alisita sana, akafunga duka, wakafuatana.

Walimkuta mumewe chali sebuleni, amelivaa shati yeye. Uzi alikuwa ameuvuta mwenyewe. Sukari nyekundu ilikuwa imetapakaa kifuani na mkekani, na sisimizi walishaisikia harufu. Macho yalikuwa wazi na kifua kilipanda na kushuka. Kinyozi alimshika bega, akamwita kaka, akamwambia basi, imetosha. Hakuinuka.

Fundi akapiga magoti kando yake. Hapo ndipo alipoelewa kinachosubiriwa.

"Kata," akasema.

Akangoja. Akasema tena, kwa ukali, akiiga sauti ya mdogo wake. Sisimizi walikuwa wamefika shingoni, na mumewe hakuwapangusa.